Mafuta Aliyosema Ameyapima

Gereji nzima ilimwita Vipimo, na jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Alikuwa fundi wa injini za dizeli ambaye hakuwahi kukaza hata nati moja kwa kukisia. Alipima kina cha mafuta kwa rula, unene wa mpira kwa uzi, na sukari ya chai yake kwa kifuniko cha chupa. Mafundi wenzake walisema siku atakayozikwa atanyanyuka kwanza alipime kaburi. Neno lake la kufungia mjadala lilikuwa "nimepima." Akishalisema, wenzake walichukua spana zao wakarudi kazini, maana hakuna aliyewahi kumkuta amekosea.

Ukutani pale gereji palikuwa na msumari, na kwenye msumari vitambaa kumi na viwili vya kufutia mikono, alivyovikata mwenyewe kutoka kwenye shuka kuukuu la mistari ya kijani. Asubuhi alivihesabu, jioni alivihesabu. Kila fundi aliyepita mikononi mwake alifundishwa kwamba kitambaa kilichosahaulika ndani ya injini ni sawasawa na mkasi uliosahaulika tumboni mwa mgonjwa. Alikuwa na haki ya kujivuna, na tuseme ukweli, alijivuna sana.

Gari lililokuja kumuumbua lilikuwa la mwanawe wa pekee, mtu mzima mwenye mke na mtoto mchanga, ambaye kazi yake ni kusambaza mayai madukani. Lilikuwa gari kuukuu la dizeli lenye buti refu, lililopakwa rangi mara nyingi mpaka hakuna aliyejua lilizaliwa na rangi gani. Dizeli ilipoanza kuadimika, Vipimo akaamua kuligeuza litumie mafuta ya kupikia, yale yaliyokwisha kukaangia. Si uchawi. Mafuta hayo ni mazito, lakini yakipata moto hulainika, na injini ya dizeli huyachoma bila kinyongo. Alichomelea tangi la pili akaliweka kwenye buti, akapitisha ndani yake bomba la maji ya moto kutoka kwenye rejeta, akafunga swichi kwenye dashibodi. Unawasha gari kwa dizeli, injini ikipata moto unabonyeza swichi, gari linahamia kwenye mafuta ya kupikia. Kabla ya kuzima unarudi kwenye dizeli ili mabomba yajisafishe. Kuanzia hapo mtaa ulilitambua gari lile kwa harufu ya viazi hata kabla halijakata kona.

Mafuta yenyewe yalitoka kwa mkwe wake, mama wa mke wa mwanawe, aliyekuwa mpishi kwenye jiko la hospitali kwa miaka kumi na tisa. Karai kubwa la kukaangia lilikuwa lake, na hakuna aliyeligusa bila ruhusa yake. Kila Ijumaa aliyaacha mafuta yapoe, akayachuja mara mbili kwa kitambaa cheupe alichokuja nacho kutoka nyumbani, akayajaza kwenye madumu mawili aliyokwisha kuyakausha juani, kisha akayapanga nyuma ya jiko yamsubiri mkwe. Alikuwa mama wa maneno machache. Yeye na Vipimo walipeana heshima zote za ukwe, kila mmoja akimwogopa mwenzake kidogo, kama inavyotakiwa.

Wiki ya pili gari likaanza visa. Linakwenda vizuri robo saa, nusu saa, halafu linapofika kwenye mlima nguvu zinalitoka, linakohoa mara mbili, linazima. Ukikaa kando ya barabara dakika kumi ukaliwasha, linakwenda kama si lenyewe. Mwanzo ilikuwa mara moja kwa wiki, baadaye ikawa kila siku. Vipimo akaliingilia kwa mpangilio wake wote. Alibadilisha filta ya mafuta, na ile ya zamani alipoipasua akaikuta safi. Alikaza vibano vyote vya mipira. Aliweka mkono kwenye bomba la moto akaona linachoma inavyotakiwa. Alitoa mpira mweusi akafunga mpira mweupe unaoonyesha ndani, ili aone kama kuna hewa inayoingia njiani. Hakuona hata povu moja. Aliona tu mafuta yakipungua ndani ya mpira, yakiwa membamba kama uzi, halafu yakakatika.

Kitu kimoja tu hakukifungua, nacho ni tangi. Tangi alilichomelea yeye mwenyewe, na kichwani mwake jambo hilo lilitosha.

Siku gari lilipozima mlimani na mayai ya maduka sita ndani, mwanawe alirudi amelowa jasho na huruma imemwisha.

"Baba, nisamehe nikiuliza. Haiwezekani ikawa kazi yetu ndiyo ina kasoro?"

"Kazi ipi?"

"Tangi, labda. Au namna tulivyofunga."

"Mimi na wewe nani amefunga?"

Mwanawe akaenda kushusha mayai. Vipimo usiku huo hakupata usingizi, na asubuhi aliamka na jibu, kwa sababu alikuwa ameamua kulipata. Filta ni nzima, mipira ni mizima, moto upo. Kilichobaki ni mafuta, na mafuta hayakuwa yake.

Ijumaa alifika nyuma ya jiko la hospitali, mkwe akaanza kumkabidhi madumu. Msimamizi wa jiko alikuwa mlangoni na karatasi zake, na wasaidizi wawili walikuwa wanamenya viazi kwenye benchi. Mtu mwenye busara angemvuta mkwe pembeni. Vipimo alikuwa amebanwa na maneno ya mwanawe, akayatema palepale.

"Mkwe, sitayachukua haya. Mafuta yako yana maji. Yanatusumbulia gari."

Mama yule aliliweka dumu chini polepole. "Maji, mkwe? Mbona huwa nayaangalia?"

"Nimepima," akasema Vipimo.

Hakuwa amepima. Kipimo chenyewe hakihitaji hata elimu: unapasha kikaango moto, unatia kijiko cha mafuta, na kama yana maji yatalia na kuruka. Ni kazi ya dakika mbili, na anaijua vizuri. Hakuifanya. Neno lilimtoka kwa mazoea, na lilipokwisha kutoka akaliacha liende.

Msimamizi aliinua macho kutoka kwenye karatasi. Wiki moja kabla, mafuta yalikuwa yameruka kutoka kwenye karai yakamuunguza msaidizi mmoja kuanzia kiganja mpaka kiwiko, na sababu ilikuwa haijajulikana.

"Kumbe," akasema msimamizi, akimtazama mpishi. "Kumbe ndiyo maana yule binti aliungua."

Mkwe aligeuka. Alimtazama Vipimo kama mtu anayesubiri aongezewe neno. Vipimo aliaga akaondoka mikono mitupu, na njiani alijiambia kwamba mambo ya jiko hayamhusu.

Tangu siku ile madumu yalikoma. Jumatatu iliyofuata mpishi wa miaka kumi na tisa aliondolewa kwenye karai akapelekwa kwenye masinki ya kuoshea sufuria. Vipimo alizisikia habari hizo kwa mke wa mwanawe, akasema, "Aa, pole yake," akaomba aongezewe chai.

Kwa wiki saba walihangaika na dizeli ya kubahatisha, kisha wakanunua mafuta mapya dukani, ya kwenye chupa zilizofungwa, ambayo hayajawahi kuona kiazi. Gari likatulia siku kadhaa, kwa bahati tu, na mwanawe akaomba radhi. "Ni kweli, baba, yalikuwa mafuta." Vipimo akaipokea radhi hiyo kama haki yake.

Basi Jumanne moja, miezi miwili tangu maneno yale ya nyuma ya jiko, alilichukua gari peke yake kwenda kununua nati. Mlimani nguvu zikalitoka. Likakohoa mara mbili, likazima.

Alikaa ameshika usukani huku malori yakimpita. Mafuta yalikuwa mapya. Chupa alizifungua kwa mkono wake. Alisubiri dakika kumi, gari likawaka vizuri kabisa, na hapo jasho jembamba likaanza kumtoka. Alirudi gereji, akafunga lango, akayatoa mafuta yote kwa mpira, akayatia kwenye ndoo, akalifungua tangi, akaingiza mkono mpaka begani.

Vidole vyake viligusa kitu laini kwenye kona ya chini. Kilikuwa kitambaa, kimelowa na kuwa cha kahawia, lakini alipokikamua mistari ya kijani ilionekana.

Yote yakamrudia kwa pamoja. Siku aliyokuwa akichomelea tangi aliziba bomba lake la kumiminia mafuta kwa kitambaa ili chembe za chuma zisiingie. Simu ikalia: mke wa mwanawe amejifungua salama. Alitupa kila kitu akakimbilia hospitali, na kwenye benchi la wodi alikaa na mkwe huyuhuyu, wakicheka kama watoto. Kesho yake msumarini kulikuwa na vitambaa kumi na kimoja. Alikumbuka vizuri sana alivyosimama pale. Alisema labda kimoja kimepeperushwa na upepo, akachukua mkasi, akakata kingine, na hesabu ikatimia. Kile cha kwanza kilikuwa kimesukumwa ndani na mafuta ya kwanza kabisa kumiminwa. Kilielea humo, kikavutwa kwenye mdomo wa bomba la kunyonyea, kikaziba. Injini ikizima na uvutaji ukikoma, kilijiachia kikaelea tena, kikisubiri mlima mwingine.

Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumwona. Unafikiri alifanya nini? Alikitumbukiza kitambaa kwenye pipa la takataka, akakifunika kwa magazeti, akalisafisha tangi na kulifunga. Jioni gari lilipanda mlima bila hata kuguna. Mwanawe alifurahi, na baba mtu akajifanya hamnazo.

Kesho yake mchana mke wa mwanawe alipita gereji na mtoto mgongoni. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hivyo?"

"Nimetoka kwa mama. Kesho anapeleka barua ya kuacha kazi."

Vipimo aliendelea kufuta spana iliyokwisha kuwa safi. "Amechoka?"

"Hajachoka. Anasema kichwa chake kimeanza kumtoka. Anasema kama ametia maji kwenye mafuta na hakumbuki, basi ipo siku atatia kitu kibaya kwenye chakula cha wagonjwa." Akajipangusa pua. "Amekwenda mara tatu nyumbani kwa yule aliyeungua, kumwomba msamaha. Na hata mtoto, baba, mama hataki kumbeba. Namletea, anakunja mikono. Anasema mikono yake haiaminiki tena, nimpe mtu mwingine. Mtoto anamlilia, na yeye anatazama pembeni."

Mtoto alikuwa anamtazama babu yake kwa juu ya bega la mama, anatafuna ncha ya mbeleko. Vipimo alitaka kumshika mguu, akajizuia. Alijiona mchafu, na si kwa grisi.

"Jiko linafunguliwa saa ngapi kesho?" akauliza.

"Saa kumi na mbili. Kwa nini?"

"Nitakwenda kumwona."

Mkazamwana alipoondoka, Vipimo alikwenda kwenye pipa, akaondoa magazeti, akakitoa kitambaa.

Saa moja asubuhi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko la hospitali, na miguu ilikuwa haitaki kuvuka kizingiti. Walikuwemo wote, kana kwamba waliitwa: msimamizi na karatasi zake, wale wasaidizi wawili, na hata yule binti aliyeungua, mkono bado una bandeji. Mkwe alikuwa kwenye sinki la mwisho, povu limempanda mpaka viwiko, na kwenye mfuko wa aproni ilichungulia bahasha nyeupe. Alikuwa amekonda. Alipomwona Vipimo alijifuta mikono haraka na kuinamisha kichwa.

"Karibu, mkwe. Gari linaendeleaje?"

Hilo ndilo lililomkata maini, kwamba aliulizia gari.

"Nimekuja kuwaambia jambo wote mliokuwepo siku ile," akasema Vipimo. Alikitoa kitambaa mfukoni akakikunjua mbele yao. "Gari lilikuwa linazibwa na hiki. Kilikuwa ndani ya tangi. Ni kitambaa changu. Nilikisahau mwenyewe, siku mjukuu wetu alipozaliwa. Naomba radhi, mkwe. Naomba radhi mbele ya watu hawa."

Wasaidizi walisogea kukiona. Msimamizi alikohoa, akatabasamu kidogo kwa afueni. "Basi, baba, yamekwisha. Binadamu tunasahau. Kwa hiyo mafuta hayakulisumbua gari."

Vipimo aliushusha mzigo begani. Ilikuwa imekwisha, tena kwa urahisi kuliko alivyodhani. Kitambaa kilichosahauliwa kwa furaha ya mjukuu ni kosa ambalo watu wanaweza hata kulichekea. Alianza kukikunja akirudishe mfukoni.

"Na maji?" akauliza mkwe.

"Maji gani?"

"Yale uliyoyapima." Alikuwa anamtazama usoni, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. "Kitambaa nimekiona. Gari lilizibwa na kitambaa, nimekuelewa. Lakini wewe ulipima ukaona maji kwenye mafuta yangu. Yaliingiaje? Nimefikiri miezi miwili, mkwe. Madumu nakausha, karai nakausha. Nikasema mtu mwingine akisema amepima nitabishana naye, lakini si wewe. Niambie yalikuwa mengi kiasi gani, labda nitakumbuka nilipokosea."

Hapo Vipimo alielewa kwamba hajaungama kitu. Njia ya kutokea ilikuwa palepale, pana, imefagiliwa. Angeweza kusema yalikuwa machache, matone tu, ya kawaida. Angempa mama yule faraja ya nusu, naye angeondoka bado anaitwa Vipimo. Neno "machache" lilimfika mpaka kwenye meno.

"Sikupima," akasema.

"Umesemaje?"

"Sikupima, mama. Nilisema nimepima, na sikupima. Sikuyagusa hata kwa kidole. Nilikuwa na hasira, nikataka kosa liwe la mtu mwingine. Nikakuona wewe."

Hakuna aliyecheka wala kusema binadamu tunasahau. Msimamizi aliinamia karatasi zake, maana na yeye alikuwa ameliamini neno hilo bila kuuliza. Vipimo alitamani sakafu impokee. Mkwe aliisukuma kando sufuria aliyokuwa akiiosha. Halafu alitoka kwa mlango wa nyuma bila kuaga, na Vipimo akajua amekwenda, na ni haki yake.

Alirudi na dumu. Lilikuwa moja ya yale mawili yaliyokataliwa siku ile. Alikuwa amelihifadhi nyuma ya jiko, limefunikwa gunia, hakuthubutu kulimwaga wala kulitumia. Alichukua kikaango kidogo, akakikausha vizuri kwa kitambaa cheupe, akakiweka jikoni, akawasha moto. Kisha akamnyooshea Vipimo kijiko.

"Pima."

Vipimo alipokea. Akafungua kifuniko cha dumu. Kikaango kiliposhika moto alichota kijiko kimoja, akakimimina. Wote walitega masikio. Mafuta yalitambaa, yakang'aa, yakatulia. Hayakulia wala kuruka.

"Weka kingine," akasema mkwe.

Akaweka. Kimya.

"Kingine. Kutoka chini. Maji hukaa chini."

Vipimo alipiga magoti sakafuni, akalilaza dumu mpaka ya chini yakafika mdomoni, akayakinga kwa kijiko, akasimama, akayatia. Mkwe alikuwa amefumba macho ili asikie vizuri. Kikaango hakikusema kitu. Mafuta yalianza kufuka moshi mwembamba, na ndipo mama yule alipozima moto. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta.

"Mama," akasema yule mwenye bandeji. "Viazi vyangu siku ile sikuvikausha. Niliviosha nikavitia hivyohivyo. Niliposikia kwamba huyu baba amepima, nikanyamaza."

Mkwe aliitikia kwa kichwa tu. Aliitoa ile bahasha kwenye aproni, akaitazama, akaiweka kwenye rafu ya chumvi. Hakuichana. Vipimo alitafuta maneno ya kuomba msamaha akayakosa, kwa sababu yote alikuwa amekwisha kuyatumia kwa kitambaa.

"Mkwe," akasema yule mama hatimaye, sasa amempa mgongo, anafuta mikono kidole kwa kidole. "Ya kwangu na wewe tutazungumza siku nyingine. Leo sina maneno nayo. Ukitoka hapa pitia kwa mwanangu."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie aniletee mtoto."

Vipimo aliliinua lile dumu akatoka. Nje asubuhi ilikuwa imechangamka, wauguzi wanabadilishana zamu, na alitembea kwa miguu mpaka nyumbani kwa mwanawe, dumu mkono mmoja na kitambaa mkono wa pili, bila kukificha.